Wilmer, Funga Mlango

Asubuhi ile katika saluni ya Quique ubishi ulikuwa juu ya umri wa Mashoto, kama ulivyokuwa Jumatatu iliyopita na Jumatatu nyingi kabla yake. Mashoto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti, shuka shingoni na povu mashavuni, hawezi kujitetea bila kula sabuni.

"Msimu ule ulipotamba Marekani, redio ilisema una miaka ishirini na mitatu," alisema Bienvenido. "Mwongo mkubwa wewe! Ulikuwa na ishirini na saba. Jitu zima na ndevu zako, unawekwa kucheza na watoto, kwa nini usitambe?"

"Ndevu nilikuwa nanyoa," alisema Mashoto.

Huyo Bienvenido watu wote wa Macorís, mji wao wa pwani, walimwita Redio, maana kichwa chake kilihifadhi kila mechi ya besiboli tangu utoto wake, na hakikuwa na kitufe cha kuzimia. Maishani hakuwahi kucheza. Alikuwa shabiki, na ushabiki aliufanyia kazi kwa bidii kuliko kiwanda cha sukari kilichokuwa kikimlipa mshahara.

Kwenye benchi la wateja alikaa Nurys Lebrón, mwandishi wa michezo wa gazeti la mji, na kinasa sauti chake gotini. Alikuwa anaandika kitabu cha mazungumzo na mashabiki, waandishi wenzake na wachezaji waliostaafu, kwa hiyo mwaka mzima alikuwa anazunguka kwenye saluni, maduka na vibaraza vya domino, anawaacha watu wabishane na mashine isikilize. Alikwisha kugundua kwamba mtu wa Macorís ukimuuliza habari za baba yake mzazi atakupa sentensi mbili, lakini ukimuuliza mechi ya mwaka wa kimbunga, chakula cha mchana kitakupita.

"Na ule mpira wa fainali?" Nurys aliuliza.

Saluni nzima ilicheka kabla ya mtu yeyote kujibu. Redio alisimama, akakunja ngumi mbele ya mdomo kama kipaza sauti, akaiga sauti ya mtangazaji wa zamani aliyekwisha kufa: "Wilmer! Wilmer, funga mlango! Ay, Wilmer, funga mlango!"

Ilikuwa fainali ya ligi ya nyumbani, timu ya mji wao na timu ya mji mkuu. Mpira mmoja mwepesi ulibiringika hadi katikati ya uwanja wa nyuma, mahali alipokuwa akilinda Mashoto, mpira ambao hata bibi kizee angeuzuia kwa gauni. Ukapita katikati ya miguu yake, tobo safi, ukaenda zake mpaka ukutani. Wakimbiaji wawili wa mji mkuu wakafika nyumbani, kituo cha mwisho cha kuhesabia pointi, wakicheka, na ubingwa ukapanda basi nao. Mtangazaji alilia hivyo hewani, na tangu siku ile maneno yake yakawa mali ya mji. Hata mtoto aliyeacha lango wazi mbuzi wakatoka, mama yake alimwita Wilmer.

"Muulizeni Wilmer," alisema Mashoto, kama alivyosema siku zote. "Mimi sikuwepo."

Wakacheka tena, maana huo ndio ulikuwa utani wenyewe. Jina alilopewa na mama yake, kabla ya mji kumwita Mashoto kwa mkono wake wa kushoto, lilikuwa Leocadio Phipps. Wilmer Hodge alikuwa binamu yake. Macorís nzima ilijua alicheza kwa jina la binamu. Waliofichwa ni Wamarekani peke yao, na pale mjini jambo la namna hiyo haliitwi siri.

Nurys alisubiri kicheko kiishe. "Jumapili vinawekwa vibao vya shaba uwanjani," alisema, "ukutani, kwa kila mtu wa mji huu aliyefika Ligi Kuu ya Marekani. Maneno naandika mimi. Fundi anaanza kuchonga keshokutwa. Sasa niambie, mzee wangu, cha kwako niandike jina gani?"

Wembe wa Quique ulisimama shingoni. Hata Redio alinyamaza, na hilo lilikuwa jambo la kuandikwa gazetini.

"Andika Leocadio," alisema Mashoto, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Leocadio Phipps."

"Mama Fidelina anajua?" aliuliza Quique polepole, maana huyo ndiye mama mzazi wa Wilmer.

"Nitamwambia."

"Basi nenda hivyo hivyo hujamaliza kunyolewa," alisema Redio. "Akikuzaba kofi, povu likukinge."

Mashoto hakucheka. Redio alikuwa amegusa palepale penye kidonda.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na moja, dalali wa wachezaji alikuja kambini kwao, huko kwenye mashamba ya miwa, akamtazama akipiga na kukimbia, kisha akamwambia: mkono mzuri, miguu mizuri, miaka mibaya. Wamarekani hawanunui kijana wa ishirini na moja. Tafuta miaka mingine. Wilmer, mtoto wa pekee wa mama mdogo Fidelina, alikuwa amekufa kwa homa akiwa na miaka kumi na mitatu. Angekuwa hai angekuwa na kumi na saba, umri wa dhahabu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa ndani ya Biblia ya mama yake. Cha kifo hakikuwepo, kwa sababu kambini watu walizika wafu wao bila kupeleka habari kwa serikali. Eduviges, mama yake Leocadio, alikwenda kwa mdogo wake. Dada hao wawili walijifungia chumbani, wakalia wakasikika hadi nje, wakatoka na cheti.

Tangu siku ile Wilmer hakuruhusiwa kufa. Msalaba wake haukuandikwa jina, kwa sababu mwenye jina alikuwa Marekani anacheza besiboli. Leocadio alioa kwa jina la Wilmer, akazaa watoto wakaitwa Hodge. Mke wake, Mungu amrehemu, alimwita Mashoto hata kanisani siku ya ndoa.

Lakini si hayo yaliyomtafuna. Kilichomtafuna ni redio ya mama yake. Siku za mechi dada wale wawili walikaa mbele ya redio moja, na mtangazaji alipopaza sauti kwamba Wilmer Hodge ameupeleka mpira nje ya ukuta, Fidelina alipiga makofi na kumwita mwanawe kana kwamba yuko chumba cha pili. Eduviges alitabasamu naye, kisha akaondoka kwenda jikoni kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Majirani ndio waliomsimulia Mashoto, baada ya mazishi. Mama yake aliondoka duniani bila kusikia, hata mara moja, jina alilompa mwanawe likiitwa uwanjani. Wala hakulalamika, na heri angelalamika.

Sasa alibaki mtu mmoja tu duniani wa kumwita Leocadio, naye ni Fidelina, mwenye zaidi ya miaka themanini na pumzi fupi. Siku atakayofumba macho, jina litakwenda naye. Mashoto alilitaka ukutani, kwenye shaba, libaki hapo vinywa vyote vikishafungwa. Lakini ukuta ule ulikuwa pia mahali pekee ambapo jina la Wilmer lingeandikwa, na alijua atakachoambiwa: niliwapa mwanangu, na leo mnamzika mara ya pili.

Alikwenda Jumanne. Fidelina alikuwa jikoni anaopoa domplín, madonge ya unga ya kuchemsha, na samaki wa chumvi alikuwa amekwisha kuiva.

"Nibariki, mama mdogo."

"Mungu akubariki, Leocadio." Alimtazama juu chini. "Leo Jumanne. Wewe ni mgeni wa Jumapili. Kuna nini?"

"Njaa tu."

Alimpa sahani. Mashoto alikula domplín tatu bila kuinua kichwa.

"Mtu anayetaka kuomba kitu hula hivyo," alisema Fidelina. "Sema, usije ukapaliwa ukafa na shida yako tumboni."

Akasema yote: vibao, fundi, Nurys, jina. Alisema pia habari ya chungu cha mama yake, ingawa hakukusudia. Alipomaliza, Fidelina alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Unadhani sikumwona akienda jikoni?" alisema. "Nilimwona. Na wewe unadhani redio ilinidanganya? Nilijua ni wewe. Niliyemzika nilimzika kwa mikono hii. Lakini mtu akilitaja jina la mwanao, watu elfu ishirini wanalishangilia, utafanyaje? Nilifurahi. Dada yangu ananitazama, naona aibu, na bado nafurahi. Mungu anijue hivyo hivyo."

Mashoto aliisogeza sahani.

"Kwa hiyo chukua jina lako," alisema Fidelina. "Eduviges alikuwa na haki yake. Nimekaa na redio ile peke yangu vya kutosha."

Mashoto aliinuka ambusu mkono.

"Keti, sijamaliza. Ukipenda boga, penda na ua lake."

"Ua gani, mama mdogo?"

"Ule mpira."

Mashoto aliangua kicheko. Fidelina hakucheka, na kicheko cha Mashoto kikamfia mdomoni.

"Nikienda sokoni, Wilmer, funga mlango. Mbuzi wakitoka, Wilmer, funga mlango. Mlevi akisahau zipu, Wilmer, funga mlango. Mwanangu alikuwa na glavu aliyoikunja kwa boksi la maziwa, na hakuna mpira uliompita. Waulize waliocheza naye. Aliishi miaka kumi na mitatu, hakumkosea mtu, na mji mzima unamcheka kwa sababu ya miguu yako."

"Ni utani tu, mama mdogo. Wote wanajua ni mimi."

"Wao wanajua. Wewe je? Wakikutajia mpira ulioupeleka nje ya ukuta Marekani, unasemaje? Unasema 'nilipiga.' Na wakikutajia ule mpira wa fainali, unasemaje?"

Mashoto alitazama sahani.

"Mimi siendi saluni, lakini maneno ya saluni yanakuja hapa. Unasemaje, mwanangu?"

"Nasema muulizeni Wilmer."

"Eeh," alisema Fidelina. "Hata mimi ningependa kumuuliza. Sana tu."

Mashoto alikuwa na zaidi ya miaka sitini, amepigiwa kelele na viwanja vizima, ametukanwa kwa lugha mbili, na hakuna siku aliyojiona mdogo kama pale mbele ya domplín. Kumbe sifa zote alikuwa anazipokea yeye, na aibu anamwachia marehemu aibebe.

"Jumapili watakupa kipaza sauti," alisema Fidelina. "Sema ule mpira ulipita wapi. Ukisema, jina ni lako. Na utaninunulia kopo la rangi nyeusi na brashi, unipeleke makaburini. Ule msalaba umekaa uchi vya kutosha."

Jumatano asubuhi Mashoto alimpelekea Nurys jina lenye herufi zote, ili fundi asije akakosea. Nurys aliliandika, kisha akawasha kinasa sauti chake.

"Tukiwa wawili, mzee wangu," alisema. "Ule mpira. Ilikuwaje?"

"Kulikuwa na kijiwe," alisema Mashoto. "Uliruka juu ya kijiwe."

Nurys alipumua. "Mwaka huu nimezungumza na kila mchezaji mstaafu wa pwani hii. Mmoja alipitwa na mpira, kulikuwa na kijiwe. Wa pili, kijiwe. Kitabu changu kina vijiwe vya kutosha kujengea nyumba."

Mashoto alicheka bila kupenda. Kisha akavuta kiti karibu na kinasa sauti.

"Niliinua kichwa," alisema. "Nilimwona mkimbiaji anakata kona, nikasema huyu nitamwaibisha. Nikawa nimeshautupa mpira kichwani mwangu kabla sijaudaka kwa mkono. Basi. Hapakuwa na kijiwe."

"Ungependa niandike hivyo?"

"Subiri kwanza niseme kwa mdomo. Nikishindwa, andika kijiwe, na humo kitabuni niite Wilmer."

Nurys alimtazama vizuri, akaizima mashine.

Jumapili uwanja ulijaa. Bendi ilipiga, padri akabariki, meya akazungumza mpaka watoto wakaanza kulia. Vibao vilikuwa ukutani chini ya kitambaa. Fidelina alikaa mstari wa mbele karibu na Nurys, kofia nyeupe kichwani, mkoba umebanwa mapajani kama mtu aliye kwenye basi lenye wezi. Juu kwenye ngazi za saruji walikaa watu wa saluni, Redio katikati yao na mfuko wa karanga.

Wachezaji waliomtangulia walisema yale yanayosemwa: walimshukuru Mungu, mama zao na mji. Mashoto alipofika kwenye kipaza sauti alikuwa na maneno yake tayari. Alipomwona Fidelina yakampotea yote, yakabaki yale tu aliyokuwa akiyaogopa.

"Naitwa Leocadio Phipps," alisema. "Mtoto wa Eduviges."

Walipiga makofi, wengine wakacheka kwa upendo, maana hawakuwa wanaambiwa jambo jipya. Makofi yale yangemtosha. Angeweza kusema ahsante akashuka, na kibao kilikwisha kuchongwa, hakuna wa kukifuta. Alilijua hilo, na kwa muda alisimama akilifikiria.

"Wilmer Hodge ni binamu yangu," alisema. "Mtoto wa mama mdogo Fidelina, yule pale mwenye kofia. Alikufa mdogo, mimi nikatumia jina lake. Mnamcheka kila siku. Wilmer hakuna mpira uliompita. Ule wa fainali ulipita katikati ya miguu yangu mimi, kwa sababu ya maringo yangu. Hapakuwa na kijiwe." Akawageukia watu wa saluni. "Nilizoea kuwaambia mimi sikuwepo. Wilmer ndiye hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyecheka. Waliokuwa wanatafuna waliacha. Watu wa mji ule walikuwa wamelisema jina la mtoto aliyekufa maisha yao yote kama mtu anavyopiga chafya, na sasa wengi waligeuka kuitafuta ile kofia nyeupe, kisha wakatazama chini. Mashoto alishika mlingoti wa kipaza sauti. Alidhani ameharibu sherehe ya watu.

Ndipo Redio alipoinuka kule juu, karanga zikamwagika, akakunja ngumi mbele ya mdomo. Safari hii hakuiga sauti ya mtu yeyote. Alitumia yake.

"Leocadio!" alipiga kelele. "Leocadio, funga mlango!"

Quique aliipokea, kisha ngazi yote ya juu, kisha upande wa kivulini, kisha bendi ikaitafutia ngoma. Uwanja mzima ukaimba: Leocadio, funga mlango! Leocadio, funga mlango! Vijana wasiomjua Leocadio wala mlango waliimba kuliko wote.

Mashoto alikuwa amejiandaa kwa aibu. Haikuja. Kilichokuja ni jina lake, lile la mama yake, likitoka katika vinywa vya uwanja uliojaa, na tangu alipokuwa na miaka ishirini na moja hakuwahi kulisikia hivyo. Alimkumbuka Eduviges na mwiko wake, akalia mbele ya meya na padri bila kujificha. Kisha, huku akilia, alibana miguu, akainama hadi magoti yakalia, akadaka kwa mkono wa shoto mpira ambao haukuwepo. Uwanja ulipiga kelele kana kwamba ubingwa umerudi.

"Kachelewa," Fidelina alimwambia Nurys, akijifuta macho kwa ukingo wa kofia, "lakini kaudaka."

Aliposhuka, Mashoto alikwenda moja kwa moja kwake. Hakusimama kukitazama kibao.

"Nibariki, mama mdogo."

"Mungu akubariki, Leocadio. Rangi umeileta?"

"Iko kwenye gari. Na brashi mbili."

"Basi twende," alisema Fidelina, akimpa mkono amwinue. "Mvua inakuja, na Wilmer ana herufi nyingi."